Motokaa ya sentimita 20

Mwaka 1958 kampuni ya AMT ya Marekani ilianza kuuza masanduku ya vipande vya plastiki, ambavyo mtu aliweza kuviunda kuwa motokaa ndogo kwa namna tatu: kama itokavyo kiwandani, yenye mapambo, au ya mashindano. Kipimo kilikuwa 1 kwa 25. Motokaa ya meta 5 yawa sentimita 20.

Gundi yake huyeyusha plastiki, vipande viwili vikawa kimoja. Tone likiangukia kioo, kimeharibika. Kwa hiyo mwenye busara hulinganisha vipande kwanza pasipo gundi, hupaka rangi viti na injini, ndipo aunge.

Wengine huweka masanduku bila kuyafungua. Hao wana akiba. Bali aliyeunda ana akiba na maarifa. Wazazi, kazi hii hufundisha mikono kungoja.