Mlinzi wa Kura Naye Ahitaji Kulindwa

Kahendero ni mwalo wa wavuvi kando ya Ziwa George, wilayani Kasese. Hapo mkono ndio mtaji. Wako wavutao nyavu usiku kucha, na wako wanaopara na kukausha samaki tangu alfajiri. Huko Katwe nako wako wachota chumvi, ambao vidole vyao hushinda katika maji makali. Kazi ya namna hiyo, ikifanywa miaka mingi, husaga ngozi, na mistari ya kidole hufifia. Kidole hicho hicho ndicho ambacho siku hizi mpiga kura hutakiwa kukiweka juu ya mashine kabla ya kupewa karatasi ya kura. Basi ni haki kuuliza: mashine ikishindwa kukisoma, mwenye kidole afanye nini?

Swali hili si la kubuni. Tarehe 15 Januari 2026, Uganda ilipowachagua Rais na Wabunge, mashine zaidi ya 100,000 za kutambua watu kwa vidole na kwa sura zilikuwa zimeandaliwa kwa ajili ya vituo zaidi ya 50,000. Asubuhi ile, katika vituo vingi, Kampala ikiwa mojawapo ya sehemu hizo, mashine hazikufanya kazi. Watu walisimama katika foleni kwa saa kadhaa. Mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi, Jaji Simon Byabakama, aliagiza daftari la karatasi litumike, na muda wa kupiga kura ukaongezwa kwa saa moja. Upinzani ulidai kuwa hitilafu ile haikuwa ya bahati mbaya. Hata Rais Museveni mwenyewe, alipopiga kura yake Rwakitura, alisema kuwa mashine ilikataa vidole vyake, kisha ikamkubali kwa uso.

KAZI TATU, HATARI TATU

Wengi wetu husema "mashine ya kura" kana kwamba ni kitu kimoja. Yafaa tutofautishe. Ipo mashine ya kumtambua mpiga kura. Ipo ya kupigia kura yenyewe. Na ipo mitambo ya kupeleka na kujumlisha matokeo. Kila moja ina ugonjwa wake.

Katika vituo vya Uganda hutumika ile ya kwanza. Kura yenyewe ni karatasi, nayo huhesabiwa pale pale kituoni mbele ya watu. Kwa hiyo mashine hiyo haiwezi kuigeuza alama ambayo mtu amekwisha kuitia. Inachoweza ni kumchelewesha mwenye haki, au kumrudisha nyumbani mikono mitupu. Mama aliyeacha watoto nyumbani akachoka na foleni na kuondoka, amepoteza kura yake bila kuibiwa na mtu yeyote.

NG'AMBO YA MPONDWE

Mkazi wa Bwera akivuka mpaka wa Mpondwe huingia Kasindi, na njia humfikisha Beni na Butembo. Huko Kongo ndiko inakotumika mashine ya aina ya pili. Mpiga kura hutia karatasi ndani yake, hugusa picha ya mgombea katika kioo, mashine huchapa chaguo lake, naye huitumbukiza karatasi hiyo sandukuni. Mashine hizo zilitengenezwa na kampuni ya Miru Systems ya Korea ya Kusini. Wapinzani, kwa kuchezea maneno ya Kifaransa, waliipa jina la "mashine ya kuiba".

Tarehe 13 Desemba 2018, siku chache kabla ya uchaguzi, moto uliteketeza maelfu ya mashine hizo katika ghala la Kinshasa. Kisha Beni na Butembo zikaahirishiwa kura hadi Machi 2019, kwa sababu ya Ebola na ukosefu wa usalama. Rais mpya aliapishwa Januari 2019, kabla ya wakazi hao kupiga kura. Siku ya uchaguzi, tarehe 30 Desemba, watu wa Beni walijipanga foleni wakajipigia kura zao wenyewe kwa karatasi, ijapokuwa walijua kuwa hazitahesabiwa.

Uchaguzi wa Desemba 2023 ulileta somo jingine. Tume ya Kongo yenyewe ilifuta kura za wagombea 82, ikitaja miongoni mwa makosa kumiliki mashine za kura kinyume cha sheria. Hapo tatizo halikuwa la ufundi hata kidogo. Kitu kilichopasa kulindwa kilitoka mikononi mwa walinzi.

MAHAKAMA ZIMESEMA NINI

Kenya iliujua ugonjwa wa mashine mwaka 2013, kompyuta za vituoni zilipozimika kwa kukosa umeme. Mwaka 2017, tarehe 1 Septemba, Mahakama ya Juu ilifuta uchaguzi wa Rais. Miongoni mwa sababu zake ni kwamba Tume ilikataa kuifungua mitambo yake ya matokeo ikaguliwe kama ilivyoamriwa. Namibia ilianza mwaka 2014 kutumia mashine zisizoacha karatasi. Februari 2020 Mahakama Kuu Kabisa ya nchi hiyo ikaamua kuwa jambo hilo ni kinyume cha katiba. Nchini Ujerumani, Mahakama ya Katiba ilitamka mwaka 2009 kwamba raia wa kawaida sharti aweze kuzihakiki hatua muhimu za uchaguzi bila kuwa mtaalamu.

Uamuzi huo wa mwisho ndio kiini cha mambo. Mvuvi hawezi kuikagua programu ya kompyuta. Lakini aweza kuitazama karatasi ikiinuliwa juu, kusikia jina likisomwa, na kuhesabu pamoja na wenzake.

WAJIBU WA ASKARI NA WA NYUMBA YAKE

Konstebo wa uchaguzi na kila askari aliye zamu hahitaji kuwa fundi. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba mashine na masanduku yamefika yakiwa na lakiri zake, kwamba hakuna mkono usiohusika unaovigusa, na kwamba msimamizi na mawakala wanafanya kazi yao bila kutishwa. Mashine ikizima, asiwafukuze watu. Foleni ilindwe hadi msimamizi atoe daftari la karatasi. Asiyefanya hivyo huupa uvumi nafasi, na uvumi ukishaingia katika foleni ni vigumu kuutoa.

Kwa jamaa zetu wa kambini na wa vijijini, haya yafaa yakumbukwe:

Kwanza, askari na mke au mume wake wakihamishwa kikazi, waombe mapema kuhamishiwa kituo kipya cha kura. Jina halimfuati mtu lenyewe.

Pili, daftari linapobandikwa lisomwe. Kosa la herufi moja ni rahisi kurekebishwa wakati huo kuliko asubuhi ya uchaguzi.

Tatu, siku ya kura mikono ioshwe na kukaushwa vizuri. Kidole kimoja kikikataliwa, jaribu kingine. Na vyote vikikataliwa, omba utambuliwe kwa uso au kwa daftari.

Nne, usiondoke katika foleni. Aliyekwisha kujipanga kabla ya saa ya kufunga ana haki ya kupiga kura.

Hatusemi mashine zitupwe. Husaidia kumzuia mtu asipige kura mara mbili, wala asitumie jina la marehemu. Lakini mashine ni msaidizi wa daftari na karatasi. Ikifanywa hakimu wa pekee, mvuvi wa Kahendero atanyimwa haki yake kwa kosa moja tu: kwamba amefanya kazi kwa mikono yake.