Kitabu cha picha kina wateja wawili

Kitabu cha picha husomwa na mtoto, ila hela hutoka kwa mtu mzima, na ndiye atakayekirudia kwa sauti usiku baada ya usiku mpaka akikariri. Mchoraji anayeijua kazi yake humfikiria na yeye. John Kilaka, Mtanzania anayeandika na kuchora kwa mtindo wa Tingatinga, ni mfano mzuri. Katika kitabu chake cha Panya na Tembo, mtoto anaona wanyama waliovaa nguo na rangi zinazowaka. Mzazi anaona akiba ya chakula iliyowekwa amana kwa rafiki mwenye nguvu, kisha ukame unaingia na rafiki anageuka. Ni habari ambayo mtu mzima yeyote aliyewahi kudhulumiwa anaielewa bila kufafanuliwa. Vitabu vya Kilaka vilipata wachapishaji Uswisi na Kanada, kwenye soko ambalo mnunuzi mkuu ni mzazi.

Kwetu mnunuzi mkuu ni shule. Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, ulioanza 1991 kwa msaada wa shirika la CODE la Kanada, ulikuwa ukimhakikishia mchapishaji oda ya nakala 3,000 kati ya 5,000 alizochapa. Zilizobaki atafute wateja mwenyewe. Mpango huo uliwainua wachapishaji wengi, na sioni sababu ya kuubeza. Lakini kitabu kikishauzwa kabla hakijafika dukani, nani atahangaika kumvutia mzazi?

Gharama nazo zinabana. Rangi nne zinadai mabamba manne ya kuchapia, na kuyaandaa ni bei ileile uchape nakala 500 au 5,000. Toleo dogo likipanda bei, wa kwanza kupunguziwa ni mchoraji: hulipwa kwa mkupuo, kwa picha au kwa kitabu kizima, na mrabaha hausikii tena. Kenya ilipoweka VAT ya asilimia 16 kwenye vitabu mwaka 2013, mnunuzi alizidi kubanwa.

Wachapishaji wa Ulaya hupunguza makali kwa kuchapa pamoja. Picha za rangi huchapwa mara moja kwa ajili ya nchi kadhaa, na maandishi huwekwa kwa wino mweusi peke yake ili kila lugha ibadilishiwe bamba hilo moja. Haki za namna hiyo huuzwa kila mwaka kwenye maonesho ya vitabu vya watoto ya Bologna, Italia. Mchoraji anayetaka kuingia humo asiisaini karatasi inayomnyang'anya haki za lugha nyingine kwa malipo ya mara moja.

Na ajihadhari na maneno ndani ya picha. Kibao cha duka, ubavu wa daladala, jina la kanga aliyojifunga shangazi: mhariri wa nje ataomba vifutwe, kwa kuwa havibadilishiki pamoja na bamba jeusi. Tatizo ni kwamba lile jina la kanga ndilo lingemchekesha mama wa Temeke, akalipia kitabu.