Magonjwa sugu ya mapafu, sehemu ya tatu: Kifua chalaumiwa, mapaja yamekwisha

Wiki iliyopita tuliishia kwenye pampu: namna ya kuivuta, na jinsi dawa inayobaki kinywani isivyoyafaa mapafu. Linabaki swali ambalo wagonjwa wengi huwa nalo, ingawa si wote wanaothubutu kumuuliza daktari: "Pampu natumia kama nilivyofundishwa, kifua kimefunguka, mbona nikipanda ngazi nachoka vilevile?" Ni swali la haki. Sehemu kubwa ya jibu lake haipo kifuani, ipo mapajani.

Ugonjwa tunaouzungumzia, ule unaoandikwa COPD kwenye kadi za kliniki, hubana njia za hewa na kuharibu vifuko vya mapafu, na madhara hayo hayarudi nyuma. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 pekee uliua watu wapatao milioni 3.5. Kwetu si ugonjwa wa wavuta sigara peke yao. Utafiti uliofanyika vijijini Masindi, Uganda, na kuchapishwa mwaka 2015, ulikuta asilimia 16.2 ya watu wazima wakiwa nao, na karibu wote walikuwa wameishi na moshi wa kuni. Hayo tuliyachambua katika sehemu ya kwanza, sitayarudia.

Kwa miaka mingi tiba iliutazama mwili wa mgonjwa huyu kuanzia shingoni hadi mbavuni, ikakomea hapo. Mwaka 1992 Kieran Killian na wenzake wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, walichapisha matokeo ya kuwaendeshesha wagonjwa baiskeli ya mazoezi mpaka wakashindwa, kisha kuwapimisha wenyewe: kilichokushinda zaidi ni pumzi au ni miguu? Ungetarajia pumzi. Wengi walitaja uzito wa miguu, ama kuliko pumzi ama sawasawa nayo. Miaka kumi na moja baadaye, watafiti wa Québec waliwapa wagonjwa dawa ya kupanua njia za hewa na kuwarudisha kwenye baiskeli. Dawa ilifanya kazi yake kifuani, lakini wale ambao misuli ya mapaja yao ilikuwa inachoka haraka hawakuongeza muda wa kuendesha. Mlango ulikuwa umefunguliwa, mtu hana miguu ya kupitia.

Kuna ushahidi mkubwa kuliko huo. Wapo wagonjwa waliopandikizwa mapafu mapya. Vipimo vyao vya kupuliza hewa hurudi karibu na kawaida, lakini wakipimwa mazoezini, uwezo wao mara nyingi hubaki kwenye nusu hivi ya unaotarajiwa kwa mtu wa umri wao. Mapafu yamebadilishwa, miguu ni ileile.

Miguu hiyo imepatwa na nini? Msuli wa mbele wa paja, ndio unaotuinua kitini, kwa wastani hupoteza kati ya asilimia 20 na 30 ya nguvu zake kwa wagonjwa hawa wakilinganishwa na wenzao wenye afya. Hausinyai tu, hubadilika hata tabia. Misuli ina nyuzi za aina mbili kuu: zile za polepole, zinazotumia oksijeni na kuvumilia kazi ndefu, na zile za kasi, zenye nguvu ya ghafla lakini zinazochoka upesi. Kwenye paja la mgonjwa wa COPD nyuzi za polepole hupungua, na za kasi huchukua nafasi.

Sasa tazama kiwambo, ule msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo. Mwaka 1997 Sanford Levine na wenzake, nchini Marekani, walionyesha kuwa kwa wagonjwa wenye COPD kali kiwambo hufanya kinyume kabisa: nyuzi za polepole huongezeka. Mwili ni mmoja, ugonjwa mmoja, na damu inayopita ni ileile. Msuli usiopata likizo usiku na mchana umejenga uvumilivu, na uliokalishwa umeupoteza. Kiwambo nacho kina taabu zake, maana mapafu yaliyojaa hewa iliyonaswa hukikandamiza kikawa bapa na kukosa nafasi ya kuvuta. Hata hivyo, tofauti hii kati ya misuli miwili ndiyo inayonifanya niamini kwamba, kati ya sababu zote, kutotumika ndiyo inayostahili kutajwa kwanza.

Sababu nyingine zipo. Kinga ya mwili iliyo macho muda wote humomonyoa protini za misuli. Oksijeni pungufu damuni huchangia, na sigara huidhuru misuli hata kabla mapafu hayajaharibika sana. Vidonge vya prednisoloni vikitumiwa kwa muda mrefu, au kila mara mtu anapojinunulia dukani bila cheti, hula misuli ya mapaja na mabega. Hapa nasema vidonge. Pampu yako usiiache kwa sababu ya makala hii, na prednisoloni uliyoitumia kwa wiki nyingi usiikatize ghafla bila daktari. Kisha kuna kulazwa. Ugonjwa unapochachamaa na mtu akalala wodini, nguvu za paja hushuka zaidi ndani ya siku chache tu, na wengi hutoka hospitalini kifua kikiwa nafuu na miguu ikiwa mibovu kuliko walivyoingia.

Tena paja dhaifu humrudishia mgonjwa kukosa pumzi kwa njia ambayo wengi hawaifahamu. Msuli wenye uhaba wa nyuzi za polepole huanza kuzalisha asidi ya laktiki mapema, hata kwa mwendo wa kutoka nyumbani hadi msikitini. Asidi hiyo ikiingia damuni huongeza hewa ya ukaa inayotakiwa kutolewa, na ubongo huamuru: hema zaidi. Mapafu yaliyobanwa hayawezi kutii. Kabla pumzi ya kwanza haijatoka yote, ya pili imeshaingia, kifua kinajaa, mtu anasimama akishikilia ukuta. Anajiambia mapafu yamezidi kuoza, kumbe sehemu ya amri ile imetoka mguuni. Kesho yake anatembea pungufu ya alivyotembea jana, keshokutwa hatoki.

Na nyumbani wanamsaidia kuharibikiwa. "Baba, kaa tu, nitakuletea." Maji anapelekewa, kiatu anavalishwa, shambani hagusi. Ni adabu njema, tena ndivyo tulivyolelewa, lakini kwa ugonjwa huu heshima ya namna hiyo inamgharimu mzee miguu yake. Mwacheni akachote kikombe chake mwenyewe.

Dalili za misuli kuisha hazionekani kwenye mizani. Annemie Schols wa Maastricht, Uholanzi, na wenzake walionyesha tangu miaka ya 1990 kuwa mgonjwa anaweza kuwa na uzito wa kawaida huku misuli imekwisha, mafuta yakiwa yameficha pengo. Hivyo usimtazame tumbo. Tazama anavyoinuka mkekani baada ya kusujudu, kama anahitaji mkono. Muulize kuhusu choo cha kuchuchumaa, jambo ambalo wazee huona haya kulisema: wengi huanza kushika ukuta, kisha huanza kupunguza kula na kunywa ili wasiende mara kwa mara. Angalia anavyopanda daladala. Kwa akina mama, uliza kuhusu kujitwika ndoo na kuanika nguo, kwa kuwa misuli ya mabega ndiyo inayosaidia kifua kuvuta hewa. Mikono ikiwa juu ina kazi mbili kwa wakati mmoja.

Kupima si gharama. Kiti imara kisicho na mikono, kikiegemezwa ukutani, na saa. Mtu akunje mikono kifuani, asimame na kukaa mara tano haraka awezavyo, pembeni akiwa na mtu wa kumdaka. Wataalamu wa Ulaya, katika mwongozo wao wa sakopenia, yaani upungufu wa misuli na nguvu, huhesabu zaidi ya sekunde 15 kuwa dalili ya udhaifu. Kliniki hutumia pia kutembea kwa dakika sita kwenye ukumbi wa mita 30 wenye alama mbili. Anayeshindwa kufikia mita 350 yumo katika kundi la hatari zaidi, na ongezeko la mita 30 hivi baada ya tiba huhesabiwa kuwa nafuu ya kweli. Kanada walifika mbali zaidi: mwaka 2002 walipima mapaja kwa picha za CT, wakakuta wenye msuli mdogo kuliko sentimita za mraba 70 hufa mapema zaidi. Nalitaja hilo kwa ajili ya wenye shaka. Mashine ya CT hatuihitaji hapa, ukumbi na kiti vinatosha.

Tiba yenyewe ni mazoezi, na haikukubaliwa kirahisi. Katikati ya karne iliyopita madaktari waliamuru pumziko. Alvan Barach wa New York alianza kulipinga hilo mwaka 1952, na Thomas Petty akajenga programu huko Denver katika miaka ya 1960. Bado wakosoaji walidai kuwa mgonjwa wa mapafu huishiwa pumzi kabla misuli haijafikia kiwango cha kunufaika. Richard Casaburi wa California alilijibu hilo mwaka 1991: baada ya wiki nane za mazoezi, wagonjwa walizalisha asidi ya laktiki pungufu na kuhema pungufu ya awali kwa kazi ileile. Mapafu hayakupona hata chembe. Miguu ndiyo iliyobadilika.

Leo huduma hii huitwa utengamao wa mapafu, na haihitaji jengo la kioo. Katika Hospitali ya Mulago, Kampala, waliifanya kwa wiki sita, mara mbili kwa wiki, kwa watu waliopona kifua kikuu wakabaki na mapafu yenye makovu, kundi ambalo Afrika Mashariki linalo kwa wingi. Walimaliza wakitembea mbali zaidi ya walivyoanza. Kinachotukosesha huduma hii, kwa maoni yangu, ni mazoea ya kumpa mgonjwa dawa na kumwambia "pole, pumzika". Fedha ni sababu ya pili.

Asiye na kituo karibu aanze nyumbani baada ya kupimwa. Kutembea siku nyingi za wiki, kwa mwendo unaomfanya aheme lakini bado aweze kusema sentensi fupi. Akizidiwa asimame, atoe hewa polepole kwa midomo iliyobanwa, kisha aendelee. Kusimama na kukaa kitini kwa mafungu, siku mbili au tatu kwa wiki. Kuinua chupa za maji kwa mikono. Chakula kiendane na kazi hiyo: msuli haujengwi kwa uji mtupu na chai. Wenye magonjwa sugu hushauriwa gramu 1.2 hadi 1.5 za protini kwa kila kilo ya uzito kwa siku, ila mwenye ugonjwa wa figo amuulize daktari wake kwanza. Dagaa, maharage, mayai, kunde na maziwa vinafikisha hapo, na anayechoka kwa kutafuna ale kidogo mara nyingi. Zile chupa za "dawa ya nguvu" zinazouzwa stendi ziacheni huko huko. Hakuna dawa iliyoidhinishwa kurudisha misuli ya mgonjwa wa COPD.

Anayekohoa damu, mwenye homa na makohozi yasiyokwisha, au anayeumwa kifua akitembea, apimwe kwanza kifua kikuu na moyo. Na aliyekwisha kunufaika ajue faida hufifia ndani ya mwaka mmoja hivi akiacha. Wiki ijayo tutaangalia oksijeni ya nyumbani: nani anaihitaji kweli, na nani anauziwa mtungi bure.