Regulata ya gesi huchaguliwa kwa kilo kwa saa

Ubavuni mwa regulata ya gesi ya nyumbani kuna namba mbili. Ya kwanza ni presha inayotoka, kwa kawaida karibu milibari 30. Ya pili ni kiasi inachopitisha, aghalabu kilo 1 hadi 1.5 kwa saa. Ukubwa unaamuliwa na hiyo ya pili, na inategemea moto unaowasha, si uzito wa mtungi.

Hesabu yake ni fupi. Kilo moja ya gesi ya mtungi hubeba takriban kilowati-saa 12.8 za joto. Jiko la plate mbili lenye kilowati 5, hata likiwashwa lote, halifikishi kilo 0.4 kwa saa. Regulata ya nyumbani inalitosha na kubaki. Sasa tuchukue jiko la shule ya bweni Iringa lenye vichomeo vitatu vya kilowati 10. Gawanya 30 kwa 12.8, unapata kilo 2.3 kwa saa. Ongeza robo ya tahadhari, tafuta regulata ya kilo 3, yenye presha aliyoitaja mtengenezaji wa jiko.

Kununua ya kilo 20 “ili isisumbue” ni kosa. Kilango chake kitafunguka kiduchu tu, moto utayumba, na kiti cha kilango kitalika mapema. Hatari zaidi ni kufunga regulata ya presha kubwa kwenye jiko la nyumbani: presha ikipanda kutoka milibari 30 hadi 120, gesi inayopita tundu lilelile la kichomeo huongezeka maradufu.

Kuna pia suala la mwinuko: Mbeya iko mita 1,700 hivi juu ya bahari, na mwinuko wa Iringa hauko mbali na huo. Presha ya hewa Mbeya ni karibu asilimia 83 ya ile ya Dar es Salaam, hivyo kichomeo kilekile hupata gesi pungufu kwa asilimia 9 hivi, na maji huchemka kwenye nyuzi 94 au 95. Maharage yanachelewa, mpishi anadai regulata kubwa. Haitamsaidia. Sufuria ya presha itamsaidia.

Kisha kuna baridi ya Juni na Julai. Gesi mtungini ni kimiminika, na kila kilo inayogeuka mvuke hudai takriban kilojuli 370. Kilo 2.3 kwa saa zinadai wati 240 mfululizo, ambazo mtungi lazima uzivute kutoka hewani. Alfajiri ya Uyole au Mafinga hewa hiyo haina kingi cha kutoa, na kadiri gesi inavyopungua ndivyo eneo la kupokea joto linavyopungua. Mtungi unatoa jasho, kisha unaota barafu, moto unafifia, na mtungi unarudishwa dukani ukiwa bado na gesi ndani. Zikibaki kilo 4, na tuseme kilo ni shilingi 4,000, umerudisha 16,000. Badala yake, unganisha mitungi mitatu ya kilo 38 kwa pamoja, kila mmoja utoe kilo 0.8 tu kwa saa. Usiupashe mtungi kwa makaa, kamwe.

Kabla ya kununua chochote, fundi afunge geji mbili na kuwasha vichomeo vyote. Ya upande wa mtungi ikiporomoka, ongeza mitungi. Ikitulia huku ya upande wa jiko ikishuka, badilisha regulata.