Matumbawe ya Malindi yafichua siri ya tope la Mto Sabaki

MVUA kubwa ikinyesha katika nyanda za juu za Machakos na Nairobi, bahari ya Malindi nayo hupata habari. Maji ya samawati hugeuka kahawia, kwani Mto Athi, unaoitwa Galana baada ya kupokea Mto Tsavo na Sabaki unapokaribia pwani, humwaga tope lake kaskazini mwa mji huo.

Tope hilo huzuia mwanga unaohitajika na vijimea vinavyoishi ndani ya matumbawe na kuyalisha. Chembechembe zake pia hubeba madini na masalio ya dawa za mashambani, huku mbolea na maji taka yakistawisha mwani unaoyasonga matumbawe. Ndiyo maana kupima maji pekee hakutoshi. Sharti tope lenyewe lichunguzwe.

Ugumu mkubwa ni wakati wa kupima. Sehemu kubwa ya tope hupita katika siku chache za mafuriko. Mtaalamu anayechota maji mara moja kwa mwezi aweza kuukuta mto umetulia, akaandika kwamba mambo ni shwari.

Upepo nao una neno lake. Wakati wa kusi, mkondo husukuma tope kuelekea kaskazini, upande wa Ghuba ya Ungwana. Kaskazi kikivuma, hurejeshwa kusini, iliko Hifadhi ya Bahari ya Malindi iliyoanzishwa mwaka wa 1968. Kwa hivyo mafuriko ya vuli, yakikutana na kaskazi, huweza kuitisha hifadhi hiyo kuliko ya masika.

Kumbukumbu ya miaka mingi ilipatikana mahali pasipotarajiwa. Tumbawe hukua kwa matabaka ya kila mwaka, mithili ya mti, na hunasa bariamu inayoletwa na udongo wa mtoni. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2007 ulisoma tumbawe la Malindi lenye historia ya miaka 300 hivi. Ulibaini kwamba mmomonyoko ulikuwa mdogo hadi mwanzoni mwa karne ya 20, kisha ukapanda mfululizo ardhi ya bara ilipozidi kulimwa.

Hata hivyo, tumbawe hueleza yaliyokwisha kutendeka. Mvuvi na mwenye mashua ya watalii wanataka kujua ya wiki hii, na hayo hutokana na maji yanayochotwa mto ukiwa umefura, siku ambazo kuukaribia ni hatari.