Uskoti: Kiwanja cha gofu ambacho ng'ombe pia wana zamu yao

Ili kucheza Askernish, kwenye kisiwa cha South Uist, unavuka kwanza bahari kwa feri ama ndege. Kiwanja hiki chenye mashimo 18 kilichorwa na Old Tom Morris mwaka wa 1891, kisha sehemu kubwa ikamezwa na majani.

Wenyeji walinunua ardhi ya kisiwa mwaka wa 2006, na kiwanja kikafunguliwa upya mwaka wa 2008. Lakini baadhi ya wakulima walienda mahakamani kutetea malisho yao, na mtu wa Masisi anaelewa uchungu huo. Leo mifugo inakula hapo wakati wa baridi.

Dawa za kemikali hazinyunyiziwi. Upepo wa Atlantiki ni mkali: wazoefu wanapiga mpira chini, uviringike.