Kalamu ya karani hula mtaji wa zahanati

Na Mwandishi Wetu, Singida

KATIKA soko la vitunguu, dalali akikosea idadi ya magunia kosa hujulikana siku hiyo hiyo, maana mzigo upo mbele ya macho. Katika zahanati kosa la kalamu hujulikana baadaye, madai yanaporudishwa, au mgonjwa anaporudi akiwa na hali mbaya zaidi.

Jambo hili linawahusu wote walioweka, au wanaofikiria kuweka, mtaji katika huduma za afya mkoani hapa. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF), ulioundwa kwa sheria ya mwaka 1999 na kuanza kazi mwaka 2001, hulipa vituo baada ya huduma kutolewa. Kwa maneno mengine, mwenye zahanati huuza kwa mkopo, na hati ya deni lake ni fomu ya madai. Ikikosa namba ya uanachama, tarehe, jina la ugonjwa au saini, deni laweza kukatwa au kukataliwa. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 imelenga kuongeza wanachama, hivyo fomu nazo zitaongezeka.

Tuchukue mfano. Zahanati yenye fomu 200 kwa mwezi, kila moja Sh 15,000, inadai Sh 3,000,000. Fomu 20 zikikataliwa, Sh 300,000 zimepotea, ilhali dawa zimekwisha kutolewa na mishahara inadaiwa.

Chanzo kimoja cha makosa ni lugha. Mgonjwa wa Singida huenda akajieleza kwa Kinyaturu au Kinyiramba, muuguzi akauliza kwa Kiswahili, daktari akaandika kwa Kiingereza. Neno "homa" laweza kuwa joto la mwili tu, lakini karani akaandika malaria bila kuangalia jibu la maabara.

Chanzo kingine ni mwandiko. Kloropromazini ni dawa ya maradhi ya akili. Kloropropamidi ni ya kisukari. Majina yanakaribiana, lakini ukimpa dawa ya kisukari asiye na kisukari, sukari yake yaweza kushuka hadi kuhatarisha maisha. Vivyo hivyo "1.0" huweza kusomwa 10 nukta isipoonekana.

Dawa ya tatizo hili haihitaji mtaji mkubwa. Karani anakili siku hiyo hiyo, mtoa huduma akiwa bado karibu. Asichoweza kusoma asikikisie. Akiwekee alama na kuuliza. Jina na namba vilinganishwe na kadi. Kipimo kiandikwe kikamilifu, na palipo na "hakuna" paandikwe hivyo, kwani nafasi tupu haielezi kama swali liliulizwa. Mtu wa pili asome kabla ya kutuma. Kila wiki, mwenye kituo achomoe majalada 10 na kuyalinganisha na fomu zake.

Tahadhari moja: wapo wanaopunguza gharama kwa kupeleka fomu kuchapwa katika maduka ya steshenari. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inahesabu habari za afya kuwa taarifa nyeti, na siri ya mgonjwa ikivuja, mwenye kituo ndiye atakayetakiwa kujibu.

Kabla ya kununua kitanda kipya, mwekezaji na ahesabu kwanza fomu zilizorudishwa mwezi uliopita.